Upendo, Mapenzi na Tamaa: Mpaka wa Maneno katika Mafundisho ya Uchumba mjini Bukavu

Katika mafundisho ya uchumba na ndoa yanayotolewa kwa vijana wa Bukavu, iwe parokiani Kadutu na Ibanda au katika makanisa ya Kipentekoste ya Bagira, mwalimu mara nyingi huanza kwa kutenganisha maneno mawili. Upande mmoja huwekwa "upendo", au "mapendo" kama yasemavyo sala za Wakatoliki. Upande wa pili huwekwa "tamaa". La kwanza husemwa kuwa latoka kwa Mungu, hutoa pasipo kudai, na hudumu. La pili husemwa kuwa latoka mwilini, hudai pasipo kutoa, na hupita. Baadaye huitwa maneno ya Kiyunani yathibitishe jambo hilo: agape ni upendo, eros ni tamaa, na somo limekwisha. Kijana huiandika jozi hiyo daftarini na kurudi nayo nyumbani akiamini kwamba amepewa mizani.

Kwamba kuna tofauti kati ya mtu anayempenda mwenziwe na mtu anayemtaka kama kitu, hakuna haja ya kubishana. Lugha yenyewe yaijua tofauti hiyo, na imani ya Kikristo ingepungukiwa sana bila hiyo. Linalostahili kuchunguzwa ni mahali mpaka ulipowekwa. Mpaka uliochorwa kati ya nomino na nomino hausimami katika Kiswahili, wala hausimami katika Biblia ambayo mwalimu ameishika mkononi. Na katika mji uliopitiwa na mambo yaliyoupitia Bukavu, kosa la kuuweka mpaka mahali pasipo pake haliishii katika msamiati.

Ianzwe na lugha. "Upendo", "mapendo", "mapenzi", "penzi", "mpenzi", "kipenzi", "upendeleo", yote ni matawi ya mzizi mmoja, -pend-. Tofauti ya d na z ni kazi ya kiambishi tamati cha kale -i, kile kile kinachofanya linda itoe mlinzi na panda itoe mpanzi. Kwa umbo lake, basi, "mpenzi" ni mtenda, yaani mtu apendaye. Lakini katika matumizi ni pia mtu apendwaye, na mara nyingi msikilizaji hawezi kuamua ni yupi. Hilo si kasoro ya lugha. Pengine ndilo jambo la hekima kuliko yote katika ukoo huu wa maneno, ingawa wanasarufi hulipita haraka.

Mwalimu anayetaka kuyatenga "mapenzi" na "upendo", akiyahesabu ya kwanza kuwa ya vijana wa barabarani na ya pili kuwa ya kanisani, hukutana mara moja na Sala ya Bwana. Katika tafsiri ya Biblia inayotumiwa na Waprotestanti wengi, kile kinachoombwa kitimizwe duniani kama mbinguni ni "mapenzi" ya Mungu. Wakatoliki wa Tanzania huomba jambo hilo hilo kwa neno "utakalo". Yaani "mapenzi" ni utashi, ni lile ambalo mtu amelikusudia kwa hiari. Neno hilo moja labeba mapenzi ya wachumba na mapenzi ya Muumba, na wasemaji hawachanganyikiwi. Lingala, ambayo kijana wa Bukavu huisikia katika muziki kila siku, nayo yafanya hivyo hivyo: kitenzi kolinga ni kupenda na ni kutaka, na bolingo ya nyimbo yatoka humo.

Upande wa pili wa jozi una mushkeli wake. "Tamaa" na "kutamani" husikika kama ndugu, na wahubiri huyatumia kama nomino na kitenzi chake. Kwa asili si ndugu. "Tamaa" yatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya uchu wa mali, ulafi wa kilicho cha mwingine. "Kutamani" kwatokana na kitenzi kingine kabisa, chenye maana ya kutumaini na kutakia. Kiswahili kimeyasogeza yakakaribiana, lakini hakikuyafanya kuwa kitu kimoja. Aliyekata tamaa hakuushinda mwili wake, amepoteza matumaini. Mhubiri awaagizaye vijana wakate tamaa zao, kama lugha ingemfuata neno kwa neno, angekuwa amewaagiza wafe moyo.

Hata Kiyunani hakiwasaidii waitao mashahidi kutoka huko. Nomino eros haimo kabisa katika Agano Jipya, kwa hiyo hakuna mwandishi wa Agano Jipya aliyeilinganisha na agape. Na kitenzi cha agape hakikuhifadhiwa kwa mambo matakatifu tu. Kinatumika kwa Mafarisayo wapendao viti vya mbele katika sinagogi (Luka 11:43), na kwa Dema aliyemwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu wa sasa (2 Timotheo 4:10). Jozi inayofundishwa leo ilipata nguvu nyingi kutoka kwa Mluteri wa Uswidi, Anders Nygren, ambaye kitabu chake juu ya agape na eros kilianza kutoka mwaka 1930. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Skandinavia walikuwa tayari wamefika Kivu katika miaka hiyo. Haihitajiki kudai kwamba walimsoma Nygren ili kuona kwamba hewa ilikuwa moja. Kwa upande wa Wakatoliki, Papa Benedikto wa 16 aliupinga utengano huo waziwazi katika waraka wake wa kwanza, Deus caritas est, wa Desemba 2005. Lakini aliyewatangulia wote ni Augustino. Katika kitabu cha 14 cha Mji wa Mungu, sura ya 7, aliwakosoa watu wa zama zake waliosema kwamba Kilatini kina maneno ya upendo mwema na neno la upendo mbaya. Alionyesha kwamba Maandiko hayafuati mgawanyo huo, na kwamba kinachohukumiwa ni utashi ulio ndani ya neno. Kosa linalofanywa Kadutu, basi, lilijibiwa kaskazini mwa Afrika karibu miaka 1600 iliyopita.

Andiko linalotajwa zaidi katika mafundisho haya ni Mathayo 5:28, juu ya mwanamume amtazamaye mwanamke na kuzini naye moyoni. Kitenzi cha Kiyunani hapo, epithumeo, hutafsiriwa "kutamani". Lakini Luka 22:15 yatumia kitenzi hicho hicho, tena kwa mkazo maradufu, Yesu anapowaambia wanafunzi jinsi alivyotaka kuila Pasaka pamoja nao kabla ya mateso. Na Kiswahili nacho, kwa uaminifu, hutamka "kutamani" katika mahali pote pawili. Kama kutamani kwenyewe ni dhambi, Karamu ya Mwisho ilianza kwa dhambi. Hakuna mhubiri atakayekubali hilo, na kwa hiyo lazima aitafute tofauti mahali pengine.

Inapatikana katika neno dogo. Kiyunani cha Mathayo chaeleza kusudi: mtu anatazama ili atamani, ametazama akiwa na shabaha hiyo. Kiswahili hutumia "kwa" mbele ya kitenzi, na "kwa" hii ina maana nyingi: yaweza kuwa namna, yaweza kuwa sababu, yaweza kuwa kusudi. Msikilizaji wa kawaida huishika namna. Husikia kwamba mvuto wenyewe, ule unaomjia mtu asipouita, ndio uzinzi. Basi kijana mwema hujihukumu kwa kuwa na macho, na kijana asiye mwema hujitetea kwamba kwa kuwa dhambi imekwisha kutendeka moyoni, hatua inayofuata haiongezi kitu. Wote wawili wamepotoshwa na kihusishi.

Tena, kitenzi hicho hicho ndicho kilichotumiwa na tafsiri ya kale ya Kiyunani katika amri ya kutotamani (Kutoka 20:17), ambamo mke wa jirani ametajwa pamoja na nyumba yake, ng'ombe wake na punda wake. Kumbukumbu la Torati 5:21 lamtaja mke kwanza, peke yake, na mapokeo ya Kikatoliki yamefanya hapo amri mbili, ya 9 na ya 10. Hata hivyo mazingira ya amri ni ya mali. Anayetamani kwa maana hiyo amemhesabu mtu miongoni mwa vitu. Hapa maana ya asili ya "tamaa", uchu wa kilicho cha mwingine, yarudi kwa nguvu zote, na yamgusa hata mume. Tarehe 8 Oktoba 1980 Papa Yohane Paulo wa 2 alipofundisha kwamba mwanamume aweza kuzini moyoni na mke wake mwenyewe, magazeti ya Ulaya yalishangaa. Msemaji wa Kiswahili anayejua kwamba tamaa ni jambo la mali kabla ya kuwa jambo la mwili hakuwa na sababu ya kushangaa.

Kisa kinachoyaweka mambo haya mezani ni cha Amnoni na Tamari, 2 Samweli 13. Ajabu ni kwamba hakisomwi. Katika mpangilio wa masomo ya Misa hakimo, si Jumapili wala siku za wiki: masomo ya Samweli yatoka sura ya 12 na kurukia ya 15. Kwa Waprotestanti hakuna mpangilio unaokizuia, lakini wahubiri wengi humaliza na Daudi na Bathsheba na kuendelea na uasi wa Absalomu, kana kwamba uasi huo haukuwa na chanzo.

Kisa chaanza kwa kupenda. Amnoni alimpenda Tamari, dada ya Absalomu, akaugua kwa ajili yake. Kiebrania chatumia kitenzi cha kawaida cha upendo. Tafsiri ya Kiyunani yatumia kitenzi cha agape, na baadaye, katika mstari wa 15, nomino yenyewe agape. Kiswahili chasema kupenda. Hakuna lugha hata moja kati ya hizo iliyomwonya msomaji mapema kwamba hiki si upendo bali ni tamaa. Msimulizi angeweza kufanya hivyo. Maneno alikuwa nayo. Alichagua kumwacha msomaji amwone Amnoni kama Amnoni alivyojiona, na kama marafiki zake walivyomwona: kijana aliyekondeshwa na mapenzi.

Kinachomfichua si neno bali vitendo, na vitendo hivyo vimepangwa kwa uangalifu mkubwa. Amnoni anajifanya mgonjwa kwa shauri la Yonadabu. Anaomba Tamari aje ampikie mikate mbele ya macho yake. Anawatoa watu wote nje. Anamshika. Amri yake ni fupi, na jibu la Tamari ni refu. Tamari anakataa, anataja desturi ya Israeli, anauliza atakwenda wapi na aibu yake, anamwonya Amnoni kwamba ataharibikiwa naye, na mwisho anamwonyesha njia: azungumze na mfalme. Msomaji yeyote anatambua kwamba katika chumba kile mwenye akili timamu ni mmoja tu. Kisha linakuja tamko ambalo msimulizi analirudia mara mbili, mstari wa 14 na wa 16, kwamba Amnoni hakukubali kumsikia. Kitenzi cha Kiebrania hapo ni cha utashi: hakuwa radhi kusikia. Tukio likiisha, anamchukia kuliko alivyompenda, anamwamuru aende zake kwa maneno mawili ya Kiebrania, na kumwita mtumishi amtoe nje na kuufunga mlango nyuma yake. Katika amri hiyo ya mwisho Kiebrania hakina nomino, kina kiashiria tu. Watafsiri wengi, kwa adabu, huongeza "mwanamke". Adabu hiyo yaficha kilele cha kisa. Amnoni hakumwita mwanamke. Alikuwa amefikia kumwita "hiki".

Kwa hiyo mpaka haupiti kati ya "upendo" na "tamaa" kama majina ya hisia mbili zinazoweza kutambuliwa kwa kuchungulia moyo. Wapita mahali panapoonekana na kila mtu: hapo ambapo mmoja amesema na mwingine amekubali au amekataa kusikia. Sarufi ya Kiswahili inajua jambo hili. "Kupenda" kwaingia kwa urahisi katika kauli ya kutendana, na "wamependana" ni habari kamili inayotosha kupeleka wazee kwa wazee. "Kutamani" kwaingia kwa shida, na anayesema "wametamaniana" amesema jambo linalohitaji kuelezwa. Kati ya Amnoni na Tamari, tangu mstari wa kwanza hadi mlango kufungwa, hakuna tendo hata moja la kutendana.

Kisa hiki kilisomwa upya na wanawake wa makanisa ya Afrika ya Kusini tangu miaka ya 1990, chini ya kituo kimoja cha Pietermaritzburg kilichojipa jina la Kiswahili, Ujamaa. Usomaji huo ukafika Afrika Mashariki katika miaka ya 2000 kwa jina la Kampeni ya Tamari. Kwamba ulihitajika kutoka mbali hivyo ndipo watu wakisome kisa kilichokuwamo tayari katika Biblia zao ni jambo la kufikirisha.

Bukavu yenyewe inakihitaji kuliko miji mingi. Mwanzoni mwa Juni 2004 mji ulitwaliwa na askari waasi, na katika siku chache walizokaa wanawake wengi walibakwa. Februari 2025 mji ulitwaliwa tena, safari hii na M23. Katikati ya tarehe hizo, na kabla yake, vijiji vya Kivu ya Kusini vimetendewa mambo ambayo Hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa mwaka 1999 kusini mwa mji chini ya jumuiya ya Kipentekoste CEPAC, imekuwa ikiyatibu bila kukoma. Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji, mzaliwa wa Bukavu, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad, ameeleza kwa miaka mingi kwamba ubakaji huo wa vita si jambo la hamu ya mwili. Ni silaha, imekusudiwa kuvunja familia na kijiji.

Maelezo hayo yagongana na daftari la kijana. Katika jozi ya upendo na tamaa, kila kisicho upendo ni tamaa, na tamaa ni mvuto uliozidi. Basi ubakaji nao huingizwa humo: huitwa tamaa iliyomshinda mtu. Hatua inayofuata hujileta yenyewe. Kama kosa ni mvuto uliozidi, hutafutwa kilichovuta, na kilichovuta huonekana kuwa ni nguo ya msichana, mwendo wake, saa aliyotoka nyumbani. Hivyo somo lililokusudiwa kumlinda lamrudia kama shtaka. Hakuna mhubiri aliyelikusudia hilo. Limeletwa na jinsi maneno yalivyogawanywa.

Kuna na hatua nyingine, ya kifamilia. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya makosa ya kujamiiana ilikaza adhabu, lakini bado kuna familia zinazopendelea mapatano: mtenda hutoa mali, au hutoa mali na kumwoa aliyemtenda, na jambo huitwa kwamba limetengenezwa. Wenye kutaka andiko hutaja Mwanzo 34, ambamo Shekemu, baada ya kumtenda Dina jeuri, alimpenda, akasema naye maneno ya kuututuliza moyo wake, na akawa tayari kulipa mahari ya kiasi chochote. Lakini ni vema kusoma sura hiyo kwa sikio lililofunzwa na sura ya Tamari. Hamori anasema, Shekemu anasema, wana wa Yakobo wanasema, kwa hila. Dina hasemi neno lolote tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna anayemwuliza. Mahari kubwa imelipa kila kitu isipokuwa jibu lake. Na katika kisa cha Tamari mwenyewe, Absalomu alimwambia dada yake anyamaze kwa sababu aliyemtenda ni ndugu. Hayo ndiyo mapatano ya kifamilia katika sura yake ya kale kabisa.

Mbele ya hayo, namna Kanisa la Kongo linavyomkumbuka Mwenyeheri Anuarite Nengapeta yahitaji kuangaliwa upya. Alizaliwa Wamba mwaka 1939, akawa mtawa wa shirika lenye jina la Kiswahili, Jamaa Takatifu, huko Bafwabaka. Mwishoni mwa Novemba 1964 waasi wa Simba waliwachukua masista kwa lori hadi Isiro. Usiku ule ofisa mmoja alitaka awe mke wake. Anuarite alikataa, akakataa tena alipotishwa, na Kanali Olombe akamwua usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba. Kabla ya kufa alimtamkia msamaha. Yohane Paulo wa 2 alimtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Masimulizi ya kidini humwita "bikira na mfiadini", na mara nyingi mkazo wote huwekwa katika neno la kwanza: hazina aliyoilinda isiguswe. Heshima iliyokusudiwa ni ya kweli. Lakini hazina ni kitu, na tumeshaona nani huhesabu watu miongoni mwa vitu. Sifa ya namna hii, bila kujua, yazungumza lugha ya wale wanaume wa Isiro. Zaidi ya hayo yamwacha mwanamke aliyeko Panzi bila mahali pa kusimama. Yeye pia alikataa, yeye pia hakusikilizwa, ila hakufa. Je, yeye amepoteza hazina? Augustino alilikabili swali hili hasa, katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu, alipoandika juu ya wanawake Wakristo walionajisiwa Roma ilipotekwa mwaka 410. Jibu lake lilikuwa kwamba usafi ni wa utashi, wala jeuri ya mwingine haiwezi kuunyang'anya. Kwa jibu hilo ushuhuda wa Anuarite haupungui hata kidogo. Unachofanya ni kuhama: kutoka katika kitu kilichobaki salama hadi katika neno "hapana" lililosemwa na mtu huru. Na hapo anakuwa dada wa wale waliopona, hawi tena kipimo cha kuwahukumia.

Fasihi ya Kiswahili imeliona jambo hili mapema kuliko mimbari. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1971 iliyozuiwa kwa muda katika shule za Tanzania, imewekwa Ukerewe, katika mazingira ya Kikatoliki, na jina lake limetoka katika litania ya Bikira Maria. Wengi waliisoma kama onyo juu ya tamaa ya msichana aliyeponyoka. Usomaji huo ni mwepisi mno. Zakaria ampigaye binti yake ili kumlinda, na Charles amwachaye mchumba wake kwa sababu si bikira, wote wawili wanaitwa, na wanajiita, watu wenye kupenda. Kila mmoja analinda au anadai kitu. Rosa anajiua, na katika maisha yake yote ni wachache waliomwuliza swali na kungoja jibu.

Yaweza kupingwa kwamba hoja hii inalipunguza fundisho la Kikristo hadi kuwa ridhaa tu: wawili wakikubaliana, basi. Pingamizi hilo ni la haki, na lajibiwa kwa sehemu. Imani ya Kikristo yadai zaidi ya ridhaa. Yadai uaminifu na kudumu, na watu wawili waweza kukubaliana katika kutumiana. Lakini "zaidi" haiwezi kujengwa pasipokuwa na msingi. Yakobo alimtumikia Labani miaka saba kwa ajili ya Raheli, na Mwanzo 29:20 yasema ilikuwa machoni pake kama siku chache tu kwa jinsi alivyompenda. Msomaji wa Kivu, anayejua hesabu ya ng'ombe na miaka ya kuzitafuta, aielewa aya hiyo bila mfasiri. Hata hivyo katika kisa hicho pia Raheli hakuulizwa na Labani, wala Lea, na machungu ya nyumba ile yalifuata.

Ipo Biblia ya upande mwingine, nayo ni Wimbo Ulio Bora, ambao tafsiri ya Kiswahili inayojulikana zaidi hautengi: humo "upendo" na "mapenzi" yatumika yote mawili kwa wapendanao wale wale. Katika arusi husomwa aya za sura ya 8, zile zinazolinganisha upendo na mauti, na ni vizuri zisomwe. Aya zinazofaa kusomwa baada ya kisa cha Tamari zimo katika sura ya 5. Ni usiku. Mwanamume amekuja, nywele zake zimelowa umande. Anabisha hodi na kumwita mwanamke kwa majina ya upendo. Mwanamke amekwisha kuvua nguo na kunawa miguu, anasitasita, hajibu mara moja. Mwanamume anatia mkono penye tundu la mlango. Mlango haujafunguliwa, naye hauvunji. Mwanamke anapoinuka hatimaye na kuufungua kwa mkono wake mwenyewe, anakuta amekwisha kwenda zake, naye anatoka kumtafuta mjini.